Kitabu cha Picha Nilichokisoma Kinyumenyume

Alhamisi. Jua limeamka na hasira, na mimi pia.

Wanaonijua hapa wanajua: shule sikuingia hata siku moja. Mimi nasema, mjukuu wangu Mwende anabonyeza simu. Leo anabonyeza kwa nguvu, amenuna. Bonyeza tu, mama. Hata kununa kwako kuandike.

Juzi nilimwachia mbuzi nikaenda sokoni Kalamba. Kurudi, mbuzi wako ndani ya mbaazi zangu wanatafuna kama walioalikwa harusi, na Mwende ameketi kivulini mwa jikoni anasoma. Si kitabu cha shule. Katuni! Picha ukurasa baada ya ukurasa, na vijineno vimewekwa juu ya vichwa vya watu. Mtoto wa gredi sita!

Nilimnyang'anya. Nikakifukia kwenye pipa la ndengu, nikafunika na jiwe juu. Nikamwambia kuwa mamake amemzoesha uvivu huko Mombasa. Hayo pia yaandikwe, kwa sababu niliyasema.

Mtoto mwenyewe amenichosha. Muthokoi, mahindi yangu ya kukoboa na maharagwe, ninaomfungia wa shule, tangu muhula uanze, unarudi kama nilivyoufunga. Nikasema huyu ni wa chipsi, chakula chetu kinamkwama kooni.

Leo asubuhi nimefungua pipa nitoe ndengu za kupika, kitabu hicho hapo. Nikasema acha nimwone huyu aliyenimalizia mbaazi.

Haki, picha hazitaki shule! Kuna msichana wa nywele za kusimama, ana marafiki, wanacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Nikafungua, nikafungua. Marafiki wanapungua. Anabaki mmoja. Halafu hakuna. Mwisho kabisa anakula kando ya ukuta wa choo cha shule, na wenzake wote wamempa mgongo.

Nikawaka upya. Nani anamwandikia mtoto kitabu halafu anamwacha hapo?

Mwende aliporudi shuleni nilimpokea mlangoni nacho mkononi, nikamuuliza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Susu, umeanzia nyuma! Kinaanzia huku!"

Sasa mimi nitajuaje kitabu kina mbele na nyuma? Mbuzi akigeuka naona kichwa.

Kisha kicheko kikamkauka. Akasema, "Lakini mimi, yangu imeenda vile umesoma wewe."

Nikamkalisha, nikamchokonoa mpaka akasema. Mombasa alikuwa na watu wake. Tangu aletwe kwangu, darasani wanacheka Kikamba chake, na hakuna anayemwita wale pamoja. Kula peke yako ukitazamwa ni aibu, kwa hivyo anafunga bakuli na kurudi na njaa.

Muhula mzima bakuli linanirudia limejaa, na mimi naliona kiburi. Nalo pia nimelisoma kinyumenyume.

Mwende, usiruke hapo. Andika: Susu alikosea.

Mbaazi bado zinaniuma, sitadanganya mtu. Mbuzi watafungwa kamba. Kitabu nimekirudisha, kina vumbi la ndengu, akipanguse mwenyewe.

Kesho nitafunga muthokoi mwingi, na vijiko viwili.

Ameacha kubonyeza, anauliza cha pili ni cha nani. Mimi nitajuaje? Yeye ndiye anayejua kitabu kinaanzia wapi.