Maswali Matatu kwa Ajili ya Pindo

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Goti limepoa, au bado unajifanya msichana, unapanda ngazi mbilimbili? Mimi mzima. Macho yananisumbua kutunga uzi, lakini mdomo, kama unavyoujua, haujapata ugonjwa.

Leo nimeshika kalamu kukushukuru. Usizoee.

Mjukuu wangu Pindo, unajua, kule alikotoka alisomeshwa kwa Kiswahili. Huku masomo yote ni kwa Kiingereza. Wiki ya kwanza walimpima. Mwalimu mmoja kijana alimweka mbele ya picha za mbwa na mwavuli, akauliza kwa Kiingereza, akasubiri, akaandika. Dakika kumi, basi. Nikaletewa karatasi: mtoto hajui kitu, arudishwe darasa la pili. Mtoto wa miaka kumi na moja, miguu mirefu kama rula, akakae na watoto wanaong'oka meno!

Nilimfokea siku tatu. Nikamwita gogo. Siku ya nne, akiwa anashona vifungo, akasema bila kuinua macho, "Bibi, si ni wewe uliyesema kama sina uhakika niweke mkasi chini, ninyamaze, nisubiri?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Hiyo ndiyo amri yangu kwa kila anayekaa kwenye cherehani yangu, na asubuhi ile ya kupimwa nilimkumbusha mlangoni huku namfunga kola. Nikaongeza, "Usinitie aibu." Akanitii neno kwa neno.

Ndipo nikakuandikia, nawe ukanijibu kwa barua fupi kama risiti. Hata hali yangu hukuuliza! Maswali matatu tu, niyapeleke shuleni. Nilisonya. Nikasema, huyu amestaafu ualimu lakini chaki haijamtoka.

Lakini nilikwenda. Nilivaa gauni langu la kuendea harusi za watu, nikasimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, nikaweka miwani, nikasoma. Je, kuna aliyemsikiliza mtoto akieleza kitu anachokijua? Je, kuna aliyemuuliza kwa lugha yake mwenyewe, tujue kichwani mna nini? Na mkishampima mtamsaidia vipi, na mtampima tena lini?

Mwalimu mkuu akaniuliza, "Bibi, haya umeyatoa wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini kusoma najua, na kukaa kwenye kiti hiki mpaka nijibiwe najua zaidi."

Akacheka, akamwita mwalimu wa lugha, mama mmoja asiye na haraka. Huyo akataka Pindo aje Jumatano na kitu anachokifanya nyumbani. Pindo alikuja na mkono wa blauzi ambao haujashonwa. Kwanza akaeleza kwa Kiswahili, maneno yakamiminika. Kisha mwalimu akamwomba aanze upya kwa Kiingereza. Mtoto akaweka kitambaa chini, akanigeukia. Nikamwambia, "Kata tu, mjukuu wangu. Kikiharibika ni kitambaa changu."

Akaanza. Polepole, akijikwaa, akirudi nyuma, lakini akaenda. Mimi Kiingereza sikielewi, ila mikono yake naijua. Nilikuwa naona: sasa amefika kwapani, sasa anakunja. Mwalimu alipoushika mkono ule wa blauzi ndani nje, Pindo akamsahihisha, tena kwa Kiingereza! Wakacheka wote wawili, nami nikacheka bila kujua nacheka nini.

Basi, amebaki darasa la tano. Kila asubuhi kabla ya kengele anakaa nusu saa na mwalimu yule, pamoja na wenzake saba. Sikufichi: kusikiliza na kusema anakwenda vizuri, kusoma anasuasua, kuandika bado kabisa. Mwisho wa muhula watampima tena, kila kimoja peke yake. Na mimi amri yangu nimeibadilisha. Shuleni, mkasi hauwekwi chini.

Unakumbuka nilivyotolewa shule mama alipougua, nibaki nikikubeba wewe mgongoni? Wewe ukasoma, mimi nikashona sare zako. Najua nimekukumbusha hilo kila mwaka. Sasa nimemaliza. Siku ile, karatasi yako mkononi, mbele ya meza ile, niliona kumbe tulisoma sote wawili. Asante, mdogo wangu. Nimeisema mara moja, itunze.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali yake iko tayari, apunguze tumbo. Nisalimie binti yako mhasibu na yule mtoto wake Kimbelembele. Mungu akuongezee siku, na adabu ya kuandika barua ndefu.

Pindo naye ameandika mstari mmoja wa Kiingereza nyuma ya karatasi hii, peke yake, mimi sikuugusa. Ukikuta makosa, kalamu yako nyekundu iache kwenye droo. Mjibu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,
Mama Cherehani