Fungu la Foufili

Lialagi, kisiwani Niue
6 Januari

Mwanangu Foufili,

Hamjambo nyote huko Auckland? Mimi mzima, ila goti tu. Mjukuu wangu ameshaota jino?

Nina jambo moja. Uchaguzi ni Mei. Mjomba wako Tahafa anagombea tena kiti cha kijiji, na anapingana na Ligi, yule mwenye magreda. Ligi amesema mbele ya watu kwamba akishinda ataruhusu machimbo ya mawe pale juu ya barabara. Unapajua. Ndipo alipolala baba yako, na dada yako ubavuni mwake. Anasema makaburi yatahamishwa kwa heshima.

Tumezihesabu kura za kijiji kizima, na haikuchukua muda. Ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo njoo. Sheria haiulizi kitovu chako kilizikwa wapi. Inataka uwe umekaa hapa miezi mitatu mfululizo ndipo uandikishwe. Hata Semu, Mtuvalu wa kutoka visiwa vingine, aliyekuja kutengeneza mafriji, ana ukaazi wa kudumu na kura anayo. Wewe niliyekuzaa katika chumba hiki huna. Anakucheka: "Mwambieni Foufili aje nimfundishe uenyeji."

Panda ndege ya wiki ijayo.

Mama yako


Auckland
2 Februari

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Sisi wazima, na jino limetoka, sasa anauma kila kitu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Niliomba ruhusa kazini, bosi akasema nikiondoka miezi mitatu nisirudi. Mama, nyumba hii ni ya kupanga. Nimefikiria sana, sikuona njia. Pengine mwezi ujao mambo yatalegea.

Cha kuchekesha, huku kura ninayo. Bahasha yao ya kupigia kura inakaa juu ya friji, sijawahi hata kuifungua. Msalimie Mjomba, mwambie niko naye.

Mwanao, Foufili


Lialagi
16 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Goti limevimba, lakini nalima.

Nililima shamba lako. Tangu Februari, nilipojua kwamba huji, nimepanda magimbi kwenye kile kipande cha baba yako na kukipalilia. Unaijua desturi yetu. Siku ya karamu, nguruwe akikatwa, mwenye magimbi ardhini anawekewa fungu lake hata akiwa Auckland. Hakuna anayeuliza yuko wapi. Husemwa ametoka kidogo. Kwa hiyo nilipokwenda kukuandikisha sikuona kama nasema uongo. Nilitia sahihi kwamba umekaa hapa tangu Januari.

Nilimwomba Semu awe shahidi wa pili. Akatikisa kichwa. "Mama, kura hii nimeingoja miaka kumi na mmoja. Siwezi kuisemea uongo." Nilikasirika. Nikamwambia mgeni ni mgeni tu. Hata hivyo akanibebea ndoo hadi nyumbani. Binamu yako ndiye aliyetia sahihi.

Sasa njoo walau siku ya kura, hata kwa siku mbili. Na mwambie mkeo asiweke picha zako kwenye simu.

Mama yako


Auckland
30 Aprili

Mama,

Nakuamkia. Nimeshapata habari kwamba wamekushtaki kwa sahihi ile, pole sana.

Picha ziliwekwa kitambo, Mama. Ni za Machi, siku ya kuzaliwa ya mtoto. Mpwa wake Ligi alikuwepo, tena alikula keki vipande viwili akatusaidia kuosha vyombo. Ndiye aliyezipeleka kwa waandikishaji wa kura. Sina hata uso wa kumlaumu, maana nilikuwa huku kweli.

Jina langu limefutwa, basi. La kwako limebaki, nimeuliza. Nenda ukapige kura, usijali maneno ya watu. Nitakuja, hilo nakuahidi.

Mwanao


Lialagi
10 Juni

Foufili,

Sijambo.

Hakimu alikuwa mpole. Alinionya tu, akasema kwa umri wangu haoni haja ya zaidi. Upole ule ndio ulioniumiza. Jumapili kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Siku ya kura nilivaa gauni jeupe na kofia, nikakaa kitandani. Nilisikia watu wakipita kwenda ukumbini wakicheka. Semu alikuja kugonga. "Mama, twende. Nitakutangulia mlangoni, wakutazame kupitia mgongo wangu." Nikamwambia ni goti. Akaja tena saa za alasiri, nikamwambia hivyo hivyo.

Halikuwa goti. Niliona haya.

Mjomba wako ameshindwa kwa kura moja. Watu wananifariji kwamba ni yako iliyokosekana. Mimi najua ni ya nani.

Mama yako


Auckland
1 Julai

Mama,

Nakuamkia. Usijitese, nakuomba. Kosa ni langu.

Nimekata tiketi ya Septemba. Nitakaa miezi mitatu kamili, hata sita, niandikishwe kihalali. Uchaguzi mwingine utatukuta tayari. Waambie wasiwaguse baba na dada kabla sijafika.

Mwanao, Foufili


Lialagi
28 Oktoba

Mwanangu Foufili,

Natumaini mtoto amepona ule ugonjwa uliowazuia kuja Septemba. Mungu amlinde. Mimi nipo.

Waliwahamisha wiki iliyopita. Mchungaji alisema kaka ambebe dada yake, ndivyo inavyopasa. Tukasubiri, kana kwamba kuna mtu angetokea. Semu akavua viatu, akambeba mpaka makaburi mapya kando ya kanisa. Nilimwomba msamaha njiani. Akasema hakumbuki neno lolote baya nililomwambia.

Mashine zimeanza. Vumbi jeupe limetanda hadi kwenye shuka.

Magimbi yako yamekomaa, makubwa kuliko ya mtu yeyote mwaka huu. Jumamosi niliyang'oa yote, nikampa Semu, shamba nikaliacha tupu. Jioni ilikuwa karamu. Shemasi alipokuwa akigawa nguruwe akaniuliza, kama kila mwaka, fungu la Foufili aliweke wapi.

Nikamwambia hayupo.

Mama yako