Matoka ya Mpakani

Njabini, Kinangop
9 Februari 2025

Kwa binti yangu Maryanne,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini zinakukuta u mzima, na kazi ya bima haijakumaliza. Mimi sijambo. Goti linanisumbua kama kawaida yake. Sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto linajiandaa. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Simu yangu siku hizi hushikwa na Lynette, mke wa mtoto wa Ngugi. Unachomwambia yeye ndicho anachonipigia kelele sikioni, na sina hakika hufika chote. Kwa hiyo mambo ya nyumba yetu tuyaandike. Sidney wa kanisani kwenu akija Nairobi kwa kazi zake za benki atabeba barua, huku na huku. Analalamika kwamba nimemfanya posta, lakini chai yangu anaimaliza.

Tangu urudi Johannesburg nyumba imenyamaza. Mamako anatimiza miezi mitatu pale chini, Mungu amrehemu. Uji nimejifunza kupika, ila bado sijajua kupika wa mtu mmoja. Unaobaki napelekea ng'ombe.

Sasa sikiliza. Wiki jana babako mdogo Ngugi alipita chini na wanawe watatu wakitafuta ndama, akasimama mpakani. Matoka hayapo. Nasema yale maua meupe yenye mstari wa waridi, yanayotoka mvua ikianza, ambayo hakuna mtu huyapalilia wala kuyatazama mara mbili. Babu yako aliyapanda kwa mstari siku aliyotugawia shamba mimi na Ngugi, wazee wakishuhudia. Mpimaji hatukuwahi kumwita. Hiyo ndiyo hati yetu. Moto hupita juu yake, ng'ombe hukanyaga, nayo hurudi. Kwetu mtu haling'oi itoka, afadhali aibe mbuzi. Sasa manane yamechimbuliwa, na mashimo yamefukiwa vizuri sana, kazi ya mtu nadhifu.

Ngugi anasema ni mimi. Anasema niliyang'oa ili nipate nafasi ya kaburi, na kwamba mstari wa kweli unapita upande wa juu wa kaburi, si upande wa chini. Ikiwa ni hivyo, mamako amelala kwake. Alinieleza hayo kofia ikiwa mkononi, kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyoniudhi.

Wewe ulikuwa hapa Desemba yote. Kama kuna kitu ulichokiona, niandikie.

Ni mimi,
Babako

*

Randburg, Johannesburg
16 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Sidney aliniletea kanisani. Nimefurahi kusikia hujambo, na pole kwa masikio. Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, narudi.

Kazini waliniuliza kama nimeshapoa. Nikasema ndiyo. Ukweli sijui, Baba. Huu ni msimu wa mvua ya mawe, watu wanapiga simu kuhusu mapaa na magari yao, nami nawasomea masharti ya bima. Mama mmoja alilia kwenye simu. Nikamngoja amalize, kisha nikaendelea na swali la tano.

Kando ya barabara kuu kosmos zimechanua, za pinki na nyeupe, kilomita kwa kilomita. Hakuna aliyezipanda, hujiotea tu. Watu husimamisha magari wapige picha na watoto wao. Mwaka jana nami nilisimama, nikamtumia Mama picha, akaniambia hayo ni magugu yaliyovaa vizuri. Mwaka huu napita tu.

Mbele ya mlango nina ndoo tatu za maua. Firmin, yule Mkongo anayetunza bustani ya hapa tunapoishi, alinisaidia kuzisogeza juani. Akaniuliza, "Mama, maua kama haya si iko kule mtoni bure? Unayafuga juu ya nini?" Nikamwambia ni ya mamangu. Akasema, "Eish, pole Mama," na hajauliza tena.

Kuhusu mpaka, sikuona mtu yeyote. Lakini Baba, si ni maua tu? Huwezi kupanda mengine palepale? Yapo kila mahali huko, hata kwenye mitaro. Mwambie Baba mdogo Ngugi aache kukusumbua.

Kula vizuri. Uji pima kwa kikombe kimoja cha maji, kile cha bluu.

Bintiyo,
Maryanne

*

Njabini
6 Aprili 2025

Kwa binti yangu,

Salamu tena. Nashukuru kwa dawa ya goti, nimeipaka na sasa nanuka kama timu ya mpira. Mvua imeanza. Ng'ombe mmoja amezaa, na ndama ana mguu mmoja mweupe. Mamako angempa jina. Mimi namwita Ndama.

Umeandika "si ni maua tu". Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kosa ni langu. Mpaka huwa haupandwi na mtu mmoja. Lazima pande zote mbili zisimame pale, wazee wawepo, na kila mmoja akubali. Nikipanda peke yangu leo, ndipo nitakuwa mwizi kweli. Mambo haya baba humwonyesha mwanawe wa kiume. Humshika mkono siku moja wakauzunguka mpaka wote, itoka hadi itoka. Mimi sikupewa wa kiume, kwa hiyo sikuzunguka na mtu. Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto wa watu, na wangu nikamwacha akidhani ni mapambo. Ngugi aliwazungusha wake wote watatu.

Wazee watakaa Jumamosi tarehe ishirini na sita. Ngugi anataka nile kiapo kwamba sikuyang'oa mimi, wala mtu yeyote wa nyumba yangu. Nyumba yangu ni nani? Ni mimi na wewe. Kanisani hawapendi viapo hivyo, lakini nisipoapa, mstari utawekwa anapotaka yeye. Nikiapa uongo, unajua watu wa huku. Kila nitakapokohoa watatazamana.

Sitaki mamako ahamishiwe kwa watu akiwa amelala. Hilo tu ndilo ninalolitaka mwaka huu, sina jingine.

Sidney ananiambia atakuwa Nairobi tarehe ishirini na moja. Kama una neno, mpe.

Babako

*

Randburg
19 Aprili 2025, Jumamosi ya Pasaka

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Ni mimi. Niliyachimba mimi, ile asubuhi ya siku niliyosafiri. Nilitumia panga la jikoni. Yalikuwa hayana maua, majani tu, lakini niliyajua kwa sababu Mama alikuwa akiyachuma kila mvua na kuyaweka mezani kwenye chupa ya jemu. Nilidhani ni ya Mama. Nilitaka kitu chake kisichokuwa nguo. Nikaviosha vitunguu vyake vya chini ya udongo, nikavifunga kwenye leso, nikavitia katikati ya sweta. Uwanja wa ndege hakuna aliyeuliza. Ndiyo yaliyo kwenye zile ndoo tatu.

Barua yako ya kwanza nilipoisoma nilijua palepale. Na hapa, Baba, naomba uniamini: sikusikia chochote. Wala hofu, wala aibu. Niliikunja nikapika wali. Baadaye nikakuandikia kwamba sikuona mtu, nikaifunga bahasha nikalala. Nimekuwa hivyo tangu Novemba. Sikulia mochari, sikulia kaburini. Niliwaona akina mama wakinong'ona juu yangu. Mmoja alinifinya mkono kwa nguvu, nadhani alikuwa akinisaidia nianze. Kilio hakikuanza.

Sikupiga simu kwa sababu ingepokewa na Lynette, na kabla ya jua kutua Baba Ngugi angekuwa analijua kabla yako.

Usiape. Tafadhali usiape. Waambie wazee ni Maryanne, amekaa mbali, hakufundishwa, alikosea. Kama ni faini, ni yangu. Wakitaka nije, nitakuja nisimame mbele yao niseme kwa mdomo wangu. Barua nampa Sidney kesho baada ya ibada, naye ameniahidi itakufikia kabla ya Jumamosi.

Nisamehe. Naandika neno hilo kwa sababu najua ndilo linalotakiwa kuandikwa. Nangoja nilisikie.

Bintiyo,
Maryanne

*

Njabini
11 Mei 2025

Kwa binti yangu Maryanne,

Nakusalimu sana. Mimi sijambo, na natumaini nawe hujambo.

Barua yako imefika tarehe tatu Mei. Sidney alizuiliwa kazini, na alikuja mwenyewe kuniomba radhi, maskini, hata chai ilimshinda. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Usimkasirikie. Hata ingefika mapema isingenibadilisha, kwa sababu lililokuwemo nilikuwa nalijua.

Nilikuona, Maryanne. Asubuhi ile nilitoka na ndoo ya maziwa, nikakuona chini kule umepiga magoti na panga. Nilidhani unapalilia kaburi. Kisha nikaona ulichoshika. Nilifungua mdomo nikuite, nikaufunga. Tangu tumzike mamako ulikuwa ukitembea humu ndani kama mgeni, unaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Siku ile ulikuwa ukivipangusa udongo vile vitunguu kimoja kimoja kwa gauni lako, na midomo yako inacheza, unaongea navyo. Nikasema moyoni, mwache. Maua ni maua, mpaka nitautafutia maneno. Nikarudi ndani nikakupikia mayai. Unakumbuka ulikula mawili.

Nilikuuliza kwenye barua kwa sababu nilitaka uniambie mwenyewe. Uliponijibu kwamba hukuona mtu niliumia, nisikufiche. Niliumia siku mbili. Baadaye nikajua aliyeandika vile si wewe, ni yule mgeni.

Jumamosi ile walikuja wazee kumi na mmoja. Ngugi alileta viti kutoka kwake. Walipotaka nisimame niape, nilisimama nikasema ni mimi niliyeyang'oa. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini. Nikasema ni uchungu wa mke, sikujua ninachofanya. Nilikuwa nimewafundisha wawili wao, na hao ndio walioinamisha vichwa. Jina lako halikutajwa, na halitatajwa. Wewe huna ndugu wa kiume huku. Siku nitakapoondoka utabaki peke yako na Ngugi na wanawe, na sikutaka wakupokee kama mtu aliyeng'oa itoka.

Nilitozwa kondoo dume. Tumechinja, tumekula pamoja, ndivyo inavyofanywa. Nyama ilikuwa ngumu. Kisha wakapanda matoka mapya pale Ngugi alipoonyesha. Mstari sasa unapita upande wa juu wa kaburi, hatua tano hivi. Mamako yuko kwa Ngugi.

Kila Jumapili baada ya kanisa nabisha kwake niombe kupita nikampalilie. Hajawahi kunikataza. Huniambia, "Pita tu, kaka." Hunifungulia lango yeye mwenyewe, hata kama anakula.

Hayo matoka uliyonayo usiyarudishe. Yakionekana hapa watu watafikiri, na wakifikiri watafika kwako. Na usije kusema lolote kwa wazee. Nimewadanganya mara moja, inatosha. Ukija likizo njoo kama mtoto anayekuja kwao.

Kula. Lala.

Babako

*

Randburg
8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje kwenye baridi hii? Huku nako asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu.

Barua yako nilipewa nikiwa mlangoni mwa kanisa, nikaifungua ndani ya gari. Niliisoma yote. Nikawasha gari nikaondoka vizuri tu. Nilipofika kwenye robot, hizi taa za barabarani za huku, ikawa nyekundu, nikakumbuka kwamba Baba Ngugi hukufungulia hata kama anakula. Nikalia, Baba. Nililia taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, watu nyuma wakipiga honi. Mtu mmoja alishuka kunitukana, akaniona, akarudi garini mwake. Nililia kwa ajili ya Mama na kwa ajili yako, na nilipofika nyumbani nikaendelea. Jumatatu sikwenda kazini. Leo ndiyo siku ya kwanza naweza kushika kalamu.

Uliniomba nisiseme. Nimejaribu kukutii. Nimekata tiketi, nafika tarehe tano Julai, na Jumapili ya tarehe sita nitaandamana nawe kumwona Mama. Lakini nimekuwa nikifikiri juu ya lango lile. Tutabisha, Baba Ngugi atatoka, ataniambia pole, atakwambia upite tu, na mimi nitakuwa nimesimama kando yako nikimtazama anavyokufungulia.

Hapo nitasema nini? Niandikie wewe maneno yenyewe, kama ulivyokuwa ukiwaandikia watoto ubaoni, nami nitayakariri neno kwa neno. Sidney anarudi huku mwisho wa mwezi, mpe barua. Asipokuja nayo, nitasema ukweli.

Bintiyo,
Maryanne