Chuma cha Kubania Gurudumu

Jumanne, baada ya magharibi.

Mimi ni wa miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na mafundi watatu, na pikipiki yangu ingali hai.

Leo ilipelekwa kwa fundi wa mtaa wa Tudor juu ya pikapu ya jirani yangu Salim. Asubuhi nilinunua dukani Makadara chuma cha kubania gurudumu la mbele lisiyumbe juu ya pikapu. Nikataka cha upana wa vidole vinne. Muuzaji akauliza, "Mzee wangu, umepima la mbele?" Nikamwambia nimeanza kupanda pikipiki babake hajaoa.

Nilikuwa nimepima la nyuma. La mbele ni jembamba, likapwaya.

Salim akasema, "Turudi tukabadilishe, mzee."

Nirudi kwa yule? Nikapanda nyuma ya pikapu, nikalibana gurudumu kwa magoti hadi Tudor. Halikuyumba. Magoti ndiyo siyasikii.

Asiyeamini amuulize Salim. Akimaliza kucheka atasema kweli.