Jina Ulilokatazwa Kuitikia

Mpendwa mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi, maana najua hii huwezi kuisoma mwenyewe. Kama inakufikia, basi kuna mtu anakusomea, na pengine wenzako wamekaa karibu wanasikiliza, nawe umeinamisha kichwa kwa haya. Vumilia. Ndiyo sababu sikuifunga bahasha. Nimempa dereva wa lori linalobeba vibarua wa mashamba ya mkonge, nikamwomba aiache kwenye kambi yoyote yenye watu wa Iramba, isomwe kwa sauti. Aibu yangu mimi niliimaliza zamani, pale kwenye uwanja wa shule.

Ulipozaliwa ulipewa jina la babu wa baba yako, Mkumbo. Sikuulizwa. Kwetu mama hubeba mimba, jina hubebwa na ukoo wa mume. Lakini sikulalamika, kwa sababu na mimi nilipata jina papo hapo. Nikawa Mama Mkumbo, kisimani na sokoni, na nilikuwa nageuka haraka nikiitwa.

Ulichelewa kusema, ukachelewa kufunga mkanda, ukachelewa kujua mkono wa kulia. Wifi yangu, shangazi yako mkubwa, alikutazama tangu mapema kwa jicho nililolijua. Alikuwa hasemi, anaguna tu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo misheni nilipokuwa msichana, na nilijua kuwa mtoto anayechelewa kufika si mtoto asiyefika. Nilimwambia baba yako kwamba utakwenda shule kama wengine. Akasema sawa. Baba yako alikuwa mtu wa kusema sawa kwa kila aliyesema naye mwisho, na balaa la maisha yangu ni kwamba aliyekuwa anasema naye mwisho ni dada yake.

Unaikumbuka kengele ya shule? Kile kipande cha chuma kilichobaki walipoing'oa reli, kilichotundikwa mtini, mwalimu akikipiga kinasikika hadi kwetu. Ulikuwa unakiogopa. Nilikuwa nakushika mkono hadi kwenye uzio, na wanawake wa kijiji wakinicheka, wanasema mwana wa kiume anapelekwa shule kama ndama anayepelekwa kunyonya. Niliwaacha wacheke. Meno ni yao.

Darasa la kwanza ulilirudia. Herufi zilikuwa zinakukataa. Leo unaijua, kesho unaitazama kama mtu ambaye hamjapata kuonana. Ulikuwa unaziandika zikitazama nyuma, na mwalimu anadhani unafanya makusudi. Nilipokwenda kumweleza, nikamwamkia vizuri, nikasimama kama mzazi anavyosimama, alinijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kisha akaendelea kukuchapa. Mpaka leo nikiisikia methali hiyo naondoka mahali nilipo. Mimi sikuchelea kulia kwako. Ulilia sana, na mimi nimelia vilevile, sasa nani alipata faida?

Kibao chako cha kuandikia kilivunjika, nikatafuta njia nyingine. Nilikuwa nikimaliza kusaga nautandaza unga wa uwele kwenye ungo, nakuweka mbele yangu, nakushika kidole, tunaandika pamoja. Ukikosea natikisa ungo, kosa linakwisha, hakuna anayeliona, hakuna fimbo. Nadhani ulilipenda hilo kuliko herufi zenyewe, kule kukosea bila kuachiwa alama. Wifi alinikuta siku moja akasema chakula hakichezewi. Mwaka wa njaa, unga ulipokwisha, tulitumia majivu, na hapo hakusema kitu.

Namkumbuka yule beberu mwekundu. Nilikuwa nimekuandikia kwenye ungo, "Mama anatwanga." Ukaweka kidole, ukasogea polepole, jasho linakutoka puani, ukafika mwisho. Ulisoma yote. Nilikuwa sijapata hata pumzi ya kukusifu, yule beberu akaingiza kichwa akalamba sentensi nzima. Tulicheka mpaka ukakaa chini. Nikakuambia umeisoma kabla hajaila, na aliyewahi ndiye mwenye mali. Mwanangu, furaha niliyopata katika ndoa yangu ilikuwa kidogo, na kubwa kuliko zote ilikuwa ile.

Laiti wangetuacha na ungo wetu.

Ulikuwa darasa la tatu wifi na wazee wa ukoo walipokaa kikao. Mimi nilikuwa nje napika, naona wanaingia tu. Walikuwa wamekwenda kwa mganga, naye aliwaambia kwamba jina limekukataa. Mkumbo mkubwa alikufa ana hasira na wanawe, ikasemwa ndiye aliyekikalia kichwa chako, hataki kuinuka. Kwa hiyo uvuliwe jina. Kwetu jambo hilo lilikuwapo, sikatai. Mtoto akilia bila kukoma au akiugua hovyo, hupewa jina jingine naye hutulia. Lakini hiyo ni ya mtoto mchanga. Nani amesikia kumvua jina mtoto aliyekwisha kulizoea, ambaye hata hilo moja alilipata kwa taabu?

Nilimwambia baba yako hivyo. Akasema sawa. Asubuhi yake kondoo alichinjwa.

Walikunyoa, wakakunyunyizia maji ya unga, wakakuita Msengi. Halafu wifi akakushika mashavu kwa mikono miwili, akakupa sharti. Nilikuwa nimesimama mlangoni, maneno yake niliyasikia yote.

"Kuanzia leo, anayekuita kwa lile la zamani, nyamaza. Hata akiwa mama yako. Ukiitika, yule mzee anarudi."

Ukauliza, "Na nikiitika kwa kusahau?"

"Atakuchukua wewe, kisha atamchukua mama yako."

Mtu mzima alimwambia mtoto maneno hayo, mchana, watu wakiwa wanakula nyama. Na wewe uliyekuwa unasahau njia ya kisimani, unayesahau kama umekula, hilo hukulisahau. Katika yote uliyofundishwa na wote waliokufundisha, uliloshika barabara ni hilo. Na ulilishika kwa ajili yangu.

Kesho yake mwalimu akaita majina. Kwenye kitabu chake ulikuwa Mkumbo. Ukanyamaza. Akarudia, ukanyamaza. Watoto wakamwambia bwana mwalimu, huyu hapa. Akakuchapa akisema una kiburi, siku iliyofuata akakuchapa tena. Nikaenda kumwomba abadili jina kitabuni. Akasema majina yalikwisha kupelekwa ofisi ya elimu huko bomani, na serikali haifuti jina la mtu kwa sababu ya mizimu. Nikaenda misheni, nikadhani watanisaidia kwa kuwa ni wasomi na wananijua. Wakaniuliza kwa nini nimekubali ushenzi nyumbani kwangu. Nikarudi kwa wifi, nikamwomba angalau shuleni uruhusiwe kuitika. Akasema marehemu hana shule wala nyumbani, anasikia kote. Kila mmoja alikuwa na sheria yake, na kila mmoja alinitazama mimi kana kwamba ndiye niliyezitunga zote.

Siku nyingine nilikwenda tena kwa mwalimu, sikumwamkia vizuri safari hii. Nilimwambia ana macho, akiona umekaa mahali pako atie alama, asikuite. Nadhani alichoka na mimi. Alikubali. Hiyo ndiyo huruma pekee niliyoiona kutoka kwa mtu yeyote katika shule ile, na ilikuwa ni huruma ya mtu aliyechoka.

Tukaendelea hivyo hadi darasa la nne. Ulikuwa bado wa mwisho, lakini ulikuwa wa mwisho anayesoma. Kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini ulikuwa unavuka. Niliacha kulala vizuri kwa sababu ya mtihani wa kwenda shule ya kati. Nilikuwa najua huwezi kuchaguliwa. Sikuwa mjinga. Nilitaka uingie kwenye chumba kile, ukae kwenye dawati na wenzako, upewe karatasi yako, uandike unachokijua. Ukishindwa ushindwe kama watoto wengine walivyoshindwa, halafu tuendelee na maisha. Hilo tu. Kwa mtoto mwingine halikuwa kitu.

Siku ile tulifika mapema. Nilikuwa nimekufulia kaputula na kukupaka mafuta. Kumbe msimamizi alikuwa mtu mwingine, ametumwa kutoka mbali, mwalimu wetu hata kusogea mlangoni haruhusiwi. Akasimama kwenye kizingiti na karatasi yake, anaita jina, mtoto anaitika, anaingia. Nilisogea kwenye uzio kabla hajafika kwako.

"Mkumbo."

Uliangalia mbele. Akaita tena. Niliona unavyobana midomo. Nikasahau kuwa ni shule, nikapita kwenye uzio, nikamwambia bwana, ni huyu, ni mwanangu, anaogopa tu. Yule mtu hakuwa mkali. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuwa mkali. Aliinama akakuuliza kwa upole, "Wewe ndiye Mkumbo?"

Ukatikisa kichwa. Ukasema, "Mimi ni Msengi."

Akatazama karatasi yake, hakuna Msengi. Akanitazama mimi, akaona mwanamke anayetaka kumwingiza mtoto mwingine kwa jina la mwenzake. Mwalimu wetu alikuwa pale chini ya kengele yake, anajua kila kitu. Nilimwita aseme. Akatazama viatu vyake. Mlango ukafungwa.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya juu, kwa sababu sikutaka kupita kisimani. Ulikuwa unarukaruka mbele yangu. Halafu ukasimama ukanisubiri, uso unang'aa, ukasema, "Mama, umeona? Ameniita mara nyingi, na sikuitika."

Ulidhani huo ndio mtihani, na umeushinda. Ulidhani umeniokoa.

Nikasema nimeona, mwanangu. Nikakupa muwa niliokuwa nimeuficha kwenye kanga kwa ajili ya kukupongeza, ukaula njia nzima.

Ulichunga, ukalima, ukakua ukawa na mabega ya baba yako. Herufi zikakuacha moja moja, maana hukupata tena pa kuzitumia, na kila nilipotandaza unga ulikuwa unaondoka ukisema mambo hayo yamekwisha. Ulipofikia umri wa kodi, karani wa jumbe akakuandika kwa jina lilelile la kitabuni. Ndipo lilipokuja lori la kuandikisha watu wa mkonge, nawe ukapanda pamoja na vijana wenzako. Wenzako mkataba ulipokwisha walirudi, na mablanketi na baiskeli. Niliwauliza. Mmoja akanieleza kuwa kule asubuhi watu huitwa majina, asiyeitika haandikiwi kazi yake, na asiyeandikiwa hapati nauli ya kurudi. Alisema mlipangwa kambi tofauti, hakukuona tena. Alisema hivyo akitazama pembeni, kama mwalimu.

Nilikaa chini palepale. Nilikuona umesimama kwenye mstari huko ugenini, unaitwa, na umebana midomo kwa ajili yangu.

Sasa nikueleze habari za nyumbani. Baba yako anaumwa miguu. Shangazi yako amefariki, tumemzika baada ya mavuno. Watu walilia, mimi nilitwanga tu, kwa sababu wageni lazima wale. Nisingependa kusema uongo kwenye barua inayosomwa mbele ya watu. Sijamsamehe. Mwalimu naye alihamishwa, amepewa shule kubwa zaidi. Sijamsamehe yeye pia, na kwake ni vigumu zaidi, maana wifi aliamini alichokisema, na mwalimu hakuamini chochote, aliogopa tu.

Matanga yalipokwisha nilichukua kondoo wangu mwenyewe, si wa ukoo, nikamchinja uani. Baba yako akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ninamfungua mwanangu. Akasema sawa, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa nimesema naye mwisho. Wazee wa ukoo wamenung'unika kwamba mwanamke hana ruhusa ya jambo hilo. Wanung'unike. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wao hawakuwa uzazini. Nilimwita yule mzee Mkumbo kwa jina lake, kwa sauti, mara nyingi, nikamwambia kama ana hasira aje kwangu. Hajaja. Ninakula, ninalima, mgongo unauma kama migongo yote. Unasikia, mwanangu? Sijachukuliwa na mtu.

Kwa hiyo wewe unayesoma barua hii, ukishaimaliza, tafadhali simama uite Mkumbo. Kisha uite Msengi. Yuko mtu mrefu, ana kovu la moto kwenye kidole cha kwanza cha mkono wa kulia, kwa sababu ya majivu yaliyokuwa hayajapoa. Usimkemee akinyamaza. Mwite tena polepole.

Na wewe mwanangu, sharti limekwisha. Aliyekupa amekufa na mimi ni mzima. Wakikuita kwa jina la kitabuni, itika. Wakikuita Msengi, lile jina la kondoo, itika. Wakikuita kwa jina wasilolijua hata kulitamka, itika, chukua haki yako, upande lori, uje nyumbani.

Ungo bado ninao.

Mimi,
Mama yako