Nilimcheka Shemeji

Busawe, Jumanne

Nimecheka mahali pasipofaa, na mume wangu mpenzi hayupo wa kunitetea. Yuko machimboni tangu wiki ya pili ya ndoa yetu. Jamani, nimemkumbuka hadi harufu ya shati lake!

Asubuhi tulikuta pundamilia amekufa kando ya shamba. Mama mkwe akavunja matawi, akamfunika taratibu kama anavyofunikwa mtu. Nikacheka.

"Unamcheka shemeji yako?" akaniuliza. "Pundamilia ndiye mnyama wa ukoo wetu. Huyu ni ndugu."

"Lakini mama, ni mnyama tu."

"Nani alikuambia? Walimu wako?"

Kweli, ni walimu. Kwetu Singida walichora mstari ubaoni, huku watu, kule wanyama. Hapa mstari umepita kwingine, na pundamilia yumo ndani ya familia. Mimi je? Tangu hapo, kutwa nzima wameongea Kikurya tu, nisichokielewa, hakuna aliyenigeukia.

Jioni nilirudi kule peke yangu na matawi mengine. Nikamwomba shemeji radhi. Halafu nikakaa chini, nikamsimulia jinsi ninavyompenda kaka yake.