Tumbo la Namba Saba

Jumapili, 2 Novemba 2025

Limewaka! Tumbo la panya namba saba, jekundu kwenye skrini. Miaka miwili nalisubiri. Panya hawa wamepandikizwa jeni: seli ikitengeneza ile protini inayoita uvimbe, inang'aa, na kamera inaiona bila kumpasua mnyama. Basi sasa najua seli zenyewe zinakaa wapi — mwisho wa utumbo mwembamba. Huko huko anakoumwa mama.

Dokta Muatasim, mkuu wa maabara yetu, kaniambia niiwasilishe Jumapili ijayo. Kusifu hajui, ila leo kaninunulia chai ya karaki.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefanya kosa: nimemwambia mama. Sijamaliza, keshampigia Shangazi Shariffa kule Ansab kumwambia Balqis wake kauona ugonjwa ulipojificha, dawa haiko mbali. Nikasema dawa iko mbali sana. Akasema napenda kujishusha tangu mdogo.

Kala wali, na matumbo hayakumsumbua. Mama huyu! Nampenda mpaka naogopa.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nilipita maabara, Al Khoudh, nikawajazia panya chakula. Kisha kwa mama. Kanikumbatia mlangoni, akanusa nguo zangu.

"Wanuka qatt. Siku hizi wafuga mbuzi?"

Tumecheka. Qatt, majani ya mbuzi, nani hayajui hapa? Halafu tuko mezani, nikaliacha tonge: mbuzi sina, nilichoshika leo ni chakula cha panya.

Nimempigia Kasule, Mganda anayetutunzia panya. Chakula cha zamani kimechelewa, kasema. Wiki ya tatu hii wanakula cha kiwanda cha hapa. Kina qatt. Aliandika kwenye daftari la mlangoni. Sikulisoma.

Na majani yakimulikwa na kamera ile, yanang'aa mekundu! Hilo nalifundisha mwenyewe. Picha zangu za panya wa kawaida, wasio na jeni, ni za Septemba, wakila chakula cha zamani. Nimelinganisha tumbo na tumbo, sikulinganisha sahani na sahani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwambia mama kabla ya kutoka kwake: huenda ni majani tu. Nilidhani atalia. Kanishika shavu.

"Basi tizama tena, mwanangu. Matumbo yangu hayendi pahala."

Nikalia mimi.

Maabara, saa nne. Kasule kaja siku yake ya mapumziko, hakuitwa. "Madam, ilifaa nikupigie simu." Nimemwambia daftari lilikuwa wazi, macho ni yangu. Kanitolea ndugu wa namba saba, tumbo moja, chakula kimoja, ila huyu hana jeni. Hapaswi kuwaka popote. Asipowaka, kesho nawasilisha. Akiwaka, kesho nasimama mbele ya Dokta Muatasim niseme sina kitu.

Panya kalala kwa dawa ndani ya sanduku la giza, kamera inahesabu. Kasule kaniwekea kiti. Siwezi kukaa, naandika nimesimama.

Simu — sauti ya mama. Keshamwambia Shariffa: tunatizama tena.

Tunatizama, kasema.

Zimebaki sekunde kumi na mbili.